Kabla ya kuongeza kifurushi, pima foleni

Kwa miezi kama mitatu, kila ikifika saa mbili usiku mke wangu alikuwa anakatika sauti kwenye mikutano yake ya video. Nikampigia mtoa huduma, akanishauri nipande kifurushi. Nikapanda, kutoka megabiti 10 hadi 20. Hela ikaenda, sauti ikaendelea kukatika.

Siku moja nikaamua kupima mwenyewe. Niliiacha pingi, kipimo cha muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi, ikitembea kwenda 8.8.8.8 (seva ya Google), halafu nikaanza kupandisha video ndefu. Mwanzoni ilikuwa inarudi kwa milisekunde 30 na kitu. Sekunde chache baadaye: 180, 460, 900. Na hakuna hata pakiti moja (kipande cha data) iliyopotea! Nikasimamisha video, namba zikashuka zenyewe.

Kwa hiyo laini haikuwa mbovu. Modemu ilikuwa na bufa, yaani sehemu ya pakiti kusubiri zamu, kubwa kupita kiasi. TCP ya kawaida, kanuni inayoongoza utumaji wa data, huongeza mwendo mpaka pakiti zianze kupotea. Ndivyo inavyojua njia imejaa. Bufa inayopokea kila kitu bila kudondosha inaificha habari hiyo, na pakiti ndogo ya sauti inajikuta nyuma ya video nzima.

Dawa yake ipo tangu 2012, Kathleen Nichols na Van Jacobson walipoitoa CoDel, njia ya kusimamia foleni ya pakiti. Yenyewe haijali foleni ni ndefu kiasi gani, inaangalia pakiti imesubiri muda gani. Kusubiri kukibaki juu ya milisekunde 5 kwa muda wa milisekunde 100 mfululizo, inaanza kudondosha.

Sasa, ruta yangu inatumia OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, ambao huja na fq_codel, aina ya CoDel, tayari. Kwa nini haikunisaidia? Kwa sababu foleni haikuwa kwake, ilikuwa kwenye modemu. Lazima uivute irudi kwenye ruta, kwa kuifanya ruta itume taratibu kidogo kuliko laini inavyoweza. Nikasakinisha SQM, programu ya OpenWrt ya kupunguza mwendo na kusimamia foleni, nikachagua cake, ndugu wa fq_codel. Nilikuwa nimepima megabiti 18.6 kushusha na 5.1 kupandisha, nikaandika 16800 na 4500. Ni kilobiti, usije ukaandika 16 ukashangaa nyumba nzima imezimika.

Hakuna kilichobadilika. Nilihangaika hadi saa sita usiku ndipo nikaandika tc -s qdisc, amri inayoonyesha hesabu za foleni za ruta, nikiwa napandisha faili: hesabu ya cake ilikuwa haisogei kabisa. Zamani, kwa ujuaji wangu, niliwasha kwenye mipangilio ya fayawoli ile hiari ya kupitisha trafiki kwenye chipu ili CPU ipumzike. Pakiti zote zilikuwa zinapita kando. Nikaizima, nikarudia kipimo: pingi 40, video ikiwa inapanda.

Kuizima huko kunairudishia CPU mzigo, kwa hiyo ruta ya zamani kwenye laini ya kasi kubwa inaweza kuelemewa. Angalia top, amri inayoonyesha mzigo wa CPU, wakati unapima. Na kama unatumia 4G, kama dada yangu, kasi haitulii. Chukua kipimo cha saa mbaya zaidi, au jaribu cake-autorate, inayobadilisha namba yenyewe.

Mwezi uliofuata nikarudi kwenye megabiti 10. Usiku wa kwanza tu nikasikia kutoka chumbani, "Baba Neema, imeanza tena!" SQM ilikuwa bado imeandikwa 16800.