Kioo kimevunjwa usiku: namna ya kuziba dirisha au mlango bila kujifungia ndani

Simu za namna hii huja usiku mkubwa. Mtu anahema, nyuma yake watoto wanalia, na neno la kwanza ni "Fundi, wamevunja dirisha." Mimi ni seremala, karakana yangu iko Temeke, na kwa miaka mingi nimeitwa kuziba madirisha na milango iliyovunjwa na wezi, upepo au ugomvi wa ndani ya nyumba. Swali langu la kwanza halijawahi kubadilika: nondo ni nzima?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kazi ya usiku ule. Nyumba nyingi za Dar es Salaam siku hizi zina vioo vya kuteleza kwenye fremu za alumini, wavu wa mbu, na grili ya nondo. Kioo kikivunjika na grili ikabaki imara, mwizi bado yuko nje. Shida iliyobaki ni mvua, mbu na macho ya wapita njia, na hizo zinatulizwa na turubai au nailoni nzito iliyokunjwa pembeni mara mbili, ikafungwa kwenye nondo zenyewe kwa ule waya laini wa kufungia nondo za zege. Mengine yasubiri asubuhi. Nimekuta watu wamekesha wakigongomea mbao kwenye dirisha ambalo nondo zake hazikuguswa kabisa, huku mlango wa nyuma uliong'olewa kitasa umeegemezewa kiti cha plastiki. Nguvu zako zipeleke palipo wazi.

Kabla ya nyundo, vaa viatu. Ndala hazitoshi. Watoto wapelekwe chumba kingine na wakae kitandani hadi sakafu ifagiliwe. Kioo cha kawaida hupasuka vipande virefu vyenye ncha, na vile vilivyobaki juu ya fremu huanguka mara tu unapoanza kugonga chini yake, kwa hiyo vitoe kuanzia juu kushuka, ukiwa na glovu nene au taulo lililokunjwa. Kipande kigumu kutoka kibandike selotepu kwanza, kisha ukigonge taratibu. Vyote viingie kwenye boksi gumu au ndoo mbovu, kamwe visiingie mfuko wa nailoni, maana yuko kijana atakayebeba hizo taka mgongoni. Kumbuka pia kwamba mshindo unaweza kupasua kioo bila kukiangusha. Wakazi wa Mbagala na Gongo la Mboto, ambao madirisha yao yalivunjwa na milipuko ya maghala ya silaha mwaka 2009 na 2011, hawahitaji kuelezwa hilo. Kagua na madirisha yanayoonekana mazima.

Kama ni wizi, piga picha kabla ya kugusa chochote: chumba kizima kwanza, halafu kwa karibu kitasa, fremu, alama za mtarimbo, nyayo. Piga 112, mwamshe mjumbe wako au jirani mmoja unayemwamini, na asubuhi fuata RB kituoni, ile namba ya taarifa yako kwenye daftari la polisi. Polisi wakisema wako njiani, funga mlango wa ndani wa chumba kilichovunjwa na ukiache kama kilivyo. Wakichelewa, picha zako zitasimama mahali pa vitu ulivyolazimika kuvisogeza. Mpangaji amtumie mwenye nyumba picha na ujumbe kabla ya kutoboa ukuta wake, na risiti zitunzwe, hasa kama kuna bima.

Sasa tuje kwenye kuziba kwenyewe. Kwa dirisha ambalo grili imekatwa, plaiwudi ndiyo inayofaa. Karatasi ya futi nane kwa nne yenye unene wa milimita 12 inatosha dirisha dogo la choo au jikoni. Kwa dirisha la sebuleni na kwa mlango nataka milimita 18. Karatasi nzima ya unene huo hukaribia kilo 30, nyingine huzidi, kwa hiyo usiiinue peke yako juu ya stuli gizani. Hadibodi na bodi za dari hazifai, mtu huzipasua kwa ngumi. Bati linasaidia kwa mvua, lakini likishikwa pembe moja hukunjuka lote, tena kingo zake hukata mikono.

Kata plaiwudi izidi uwazi wa dirisha kwa sentimita 10 kila upande, ikae juu ya ukuta, isikae juu ya fremu. Fremu iliyopigwa mtarimbo imeshalegea hata kama haionyeshi, na fremu ya alumini nzima utaiharibu kwa skrubu halafu ulipie dirisha jipya. Tumia skrubu na fisha, vile vidude vya plastiki vinavyoingia kwenye tundu la ukuta, kila baada ya sentimita 30 hivi. Tundu lipite plasta liingie kwenye tofali lenyewe, na lisiwe karibu sana na ukingo wa uwazi kwa sababu tofali litamomonyoka. Misumari ya zege hushika haraka, lakini hupasua plasta, huamsha mtaa mzima, na mtarimbo huing'oa kwa urahisi. Kwa usiku mmoja tu, ukiwa huna keekee, itumie. Usiiamini kwa wiki nzima.

Iko njia ninayoipenda kuliko zote, na sielewi kwa nini mafundi wengi hapa mjini hawaitumii. Plaiwudi inakaa nje. Ndani unalaza mbao mbili za inchi mbili kwa nne, zikivuka uwazi wa dirisha kulia na kushoto na kuuzidi kwa sentimita 20 kila upande. Kisha bolti zinapita kutoka kwenye plaiwudi, katikati ya uwazi, hadi kwenye mbao za ndani, na nati zinakazwa kutokea ndani. Ukuta unabanwa katikati. Hutoboi tofali, huharibu fremu, hata nondo zilizobaki hazikuzuii kwa kuwa bolti hupita katikati yake. Aliye nje haoni chochote cha kufungua. Aliye ndani, akiwa na spana, anashusha bao lote kwa dakika chache. Ugumu ni urefu wa bolti: ukuta wa tofali za inchi sita ukishapigwa plasta pande zote mbili hukaribia sentimita 18, ukiongeza plaiwudi na mbao unahitaji kitu cha sentimita 30 hivi, na bolti ndefu kiasi hicho ni adimu madukani. Nunua chuma cha nyuzi, kile chenye mikato ya skrubu mwili mzima, kinachouzwa kwa urefu, ukate vipande, na mchomeleaji akuchomelee nati na washa pana kwenye ncha moja ya kila kipande. Hiyo ndiyo ncha ya nje. Kwa sababu hiyo nashauri viandaliwe mapema, vikae stoo. Usiku wa tukio hakuna duka litakalokufungulia.

Kwa dirisha lililozibwa hivyo, paka silikoni ukingo wa juu na pembeni, chini paache. Maji yakipenya lazima yapate pa kutokea.

Mlango ni habari nyingine. Mlango ukipigwa teke, mara nyingi jani, yaani ubao wenyewe wa mlango, hubaki zima na fremu ndiyo hupasuka pale ulimi wa kitasa unapoingia. Usikimbilie kuufunika na plaiwudi. Mlango unaofungukia ndani unataka pingo: vishikio viwili vya chuma vilivyofungwa ukutani, siyo kwenye fremu, na mbao ngumu ya mbili kwa nne inayolala juu yake kwa ndani. Mlango unaofungukia nje, pitisha mnyororo au kamba ngumu kwenye tundu la kitasa kilichong'olewa, uizungushie mbao iliyolazwa kwa ndani, ncha zake zikiegemea ukuta kulia na kushoto. Anayevuta kutoka nje anauvuta ukuta. Njia zote mbili zinafunguliwa kwa mikono mitupu, na hapo ndipo moyo wangu ulipo katika makala hii yote.

Hofu ya wezi inatufanya tujizike. Nyumba yenye grili kila dirisha ina njia mbili tu za kutokea, mlango wa mbele na wa nyuma. Ukigongomea mmoja kwa misumari, familia imebakiwa na njia moja, na moto wa jikoni au sebuleni hauchagui upande. Mzee mmoja wa Buza aliniita baada ya kuvunjiwa mlango wa uani. Alitaka niuzibe kabisa, mbao juu ya mbao, misumari ya inchi nne. Nikamuuliza, "Mzee wangu, moto ukiwaka huku mbele usiku, wewe na wajukuu mtapitia wapi?" Akanijibu, "Mwanangu, mimi naogopa wezi. Moto tutaona huko huko." Sikukubali. Nilimwekea pingo, kisha nikamwomba mjukuu wake wa darasa la nne alinyanyue taa zikiwa zimezimwa. Alipoliweza, mzee mwenyewe akasema basi, liwe hivyo.

Kwa hiyo masharti yangu ni haya, na mteja asiyeyataka amtafute fundi mwingine. Mlango ambao watu wanalala nyuma yake haupigwi msumari wala skrubu. Chumba ambacho dirisha lake limezibwa, na kutoka kwake ni kwa kupita sebuleni tu, kisilaliwe mpaka dirisha litengenezwe. Ufunguo wa kufuli la ndani unaning'inia mahali pamoja ambapo kila mtu anapajua gizani, mbali na dirisha ili usivutwe kwa fimbo kutoka nje. Namba ya Zimamoto, 114, iandikwe ukutani. Nyumba ikibaki bila mtu hapo ziba utakavyo, lakini wakirudi kulala, bao la mlangoni litoke.

Upepo nao una kanuni zake. Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotoa tahadhari ya Kimbunga Hidaya na boti za Zanzibar zikasimamishwa, watu wengi walibandika selotepu ya msalaba kwenye vioo. Selotepu haiongezi nguvu ya kioo hata kidogo. Kioo kikivunjika, vipande vilivyoshikana kwa tepu huruka vikiwa vikubwa na vizito zaidi, na wataalamu wa vimbunga wa Marekani wamekuwa wakiwaambia watu waache jambo hilo. Wengine hufungua madirisha eti upepo upite. Usifanye hivyo. Upepo ukiingia ndani husukuma paa kutoka chini wakati ule wa nje unalivuta kutoka juu, na hapo ndipo mabati huondoka. Dirisha moja lililovunjika upande unaotoka upepo laweza kukugharimu paa zima, kwa hiyo ukiwa na plaiwudi moja tu, iende upande huo, na milango ya vyumba ifungwe. Ikiwa upepo umeshaanza, usitoke nje na karatasi ya plaiwudi, itakubeba. Zibia ndani kwa godoro na kabati, kisha ingia chumba kisicho na dirisha.

Na nyumba ikishazibwa, jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama mvua inanyesha na umeme umekatika. Jenereta vilevile. Hewa ya mkaa iliyokuwa inatoka dirishani haina tena pa kutokea, na gesi inayoua haina harufu wala rangi. Watu hulala wakijiona wana joto zuri, wasiamke.

Jihadhari pia na fundi anayejitokeza mwenyewe asubuhi ya tukio akisema alikuwa anapita tu. Huenda ni mtu mwema. Lakini amekwishaona nyumba yako iko wazi wapi, na ukimpa kazi ataona na vilivyomo. Mwite anayejulikana na mjumbe au jirani, mkubaliane bei kabla hajashusha vifaa, na umwambie waziwazi kwamba hii ni kazi ya muda, isije ikaja na bei ya dirisha jipya.

Maana bao nalo lina maisha yake. Plaiwudi ya kawaida ikipigwa na mvua za masika huvimba na kuachana matabaka, na mchwa huifuata bila kuchelewa. Kama huna fedha ya kioo mwezi huu, paka kingo zote rangi ya mafuta kabla ya kuifunga, na upande wa nje upake rangi ya ukuta wako. Bao jeupe linaloonekana toka barabarani humwambia kila mpita njia kwamba hapa pameshavunjwa na hapajatengenezwa. Siku kioo kipya kitakapoingia, usiligawe bao kuwa kuni. Liandike nyuma kwa kalamu ya wino mzito, "jikoni, upande huu juu", bolti na nati zake zifungwe kwenye mfuko na kupigiliwa juu yake, na lisimamishwe stoo juu ya matofali, mbali na sakafu.