Leteni viti, ila leteni na matairi yake

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: misaada ya wahisani kwa watoto wenye ulemavu inawajenga au inawazoesha kuomba? Nimelisoma kibandani kwangu hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa, mikono ina grisi, nikaiweka simu chini kwanza. Sisi watu wa Dodoma tukisikia habari ya kuomba tunajua itatua wapi. Ukifika Dar ukasema umetoka Dodoma, kabla hujakaribishwa maji umeshataniwa kwa jina la Matonya, yule ombaomba maarufu aliyetoka kwetu. Utani tumeuzoea. Kumtwisha mtoto asiyeweza kusimama ni jambo jingine.

Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni kule Karatu. Watoto watatu walionusurika, wameumia vibaya, walipelekwa Marekani kutibiwa kwa hisani ya watu. Waliporudi tuliwapokea kwa shangwe, na sikusikia mtu akiuliza kama wamezoeshwa kuomba. Sasa kwa nini anaulizwa mtoto wa Kongwa aliyepewa kiti mwendo?

Mimi ni fundi baiskeli. Swali ninaloweza kulijibu ni hili: kiti kikiharibika, nani anakitengeneza?

Kuna mwaka walikuja wahisani kugawa viti mwendo kijiji kimoja huko ndani. Turubai, spika, fulana zenye maandishi, akina mama wakapiga ngoma ya muheme, picha zikapigwa. Kiti kimoja akapewa mvulana wa miaka kama kumi na moja aliyeanguka juu ya mkwaju akavunjika uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka chini hana hisia. Kabla ya hapo alikuwa wa kubebwa mgongoni, au kukaa kwenye ngozi mlangoni.

Haukupita muda mrefu baba yake akaja kwangu na bodaboda, mtoto kapakatwa katikati, kiti kimefungwa nyuma kwa mpira. Tairi moja la nyuma lilikuwa limechanika. Miiba ya migunga ya huku haina adabu, na wao waliendelea kukitumia kiti kikiwa na pancha mpaka tyubu ikaisha. Nikaangalia saizi: inchi 24, jembamba. Hapa mjini kwetu utapata 26, utapata 28 za Phoenix, hizo ndizo baiskeli zetu. Za 24 zilizopo ni za baiskeli za watoto, nene, ukivalisha zinasugua fremu. Nikawa nageuza gurudumu, nawaza, mtoto akasema:

"Shikamoo fundi. Hilo la nyuma siyo shida sana. La mbele ndilo baya. Linajizika."

Marahaba, nikamwambia, hebu nionyeshe. Tukamketisha, nikamsukuma kutoka kwenye sakafu mpaka kwenye mchanga wa nje. Alikuwa kweli. Yale magurudumu madogo ya mbele, upana wa vidole viwili, yametengenezwa kwa ajili ya korido ya hospitali. Yakifika mchangani yanazama, kiti kinasimama ghafla, na mtoto asiye na nguvu za kiuno anakwenda na uso. Kovu la kidevuni lilikuwa bado bichi.

Halafu nikaona amekalia gunia lililokunjwa. Nikauliza mto uko wapi. Baba mtu akaona haya kidogo: "Ulilowa mkojo, tukauanika, mbuzi wakautafuna." Nilicheka, lakini lile halikuwa la kucheka. Mtu asiyehisi makalio yake hajui kama anaumia. Akikaa juu ya kitu kigumu muda mrefu, nyama inakosa damu na kidonda kinaanzia ndani, huja kuonekana kimeshakuwa shimo. Vidonda hivyo huua. Nesi alimfundisha ajiinue kwa mikono mara kwa mara, naye akanionyesha, amejikaza mishipa ya shingo imetoka. Nikamkatia kipande cha godoro. Mto wenyewe siyo huo, ila ulikuwa bora kuliko gunia.

Lile la mbele nilimchomelea bomba lenye gurudumu la baiskeli ya mtoto, linatangulia mbele, linafungwa kwa bolti na kuyanyanyua yale madogo. Gurudumu kubwa likiwa mbali na mwili, uzito unarudi nyuma, halichimbi. Akaenda na mchanga. Ila kiti kikawa kirefu, mlango wa tembe kikaugomea, ikabidi baba anunue spana namba 13: jioni anafungua, asubuhi anafunga. Bolti zikawa zinalegea. Sisemi nilivumbua kitu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Waliogawa hawakumpima mtoto (kile kilikuwa kiti cha mtu mzima, viwiko vilikuwa vinapaa), hawakuacha tairi la akiba, hawakumtafuta fundi yeyote wa eneo lile. Wakati Moshi, pale hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na viti mwendo. Wanaojua wapo nchini. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na katika ile asilimia kumi ya mapato ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, mbili ni zao. Lakini mtoto hakopi. Anangoja turubai lifungwe tena kijijini.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema bora wasije kabisa. Siwezi. Bila kile kiti kibovu nisingekuwa na cha kuchomelea, na yule kijana angekuwa bado mlangoni. Jibu langu basi ni leteni, na haizoeshi kuomba. Anayekuja kuniomba kiraka cha tyubu anataka kwenda shule. Ila mpimeni mtoto, toeni saizi ambazo madukani kwetu zipo, acheni mito miwili na hela kidogo ya fundi. Kama bajeti haitoshi, viti kumi na tano vyenye spea ni afadhali kuliko ishirini visivyo nazo. Nasema hivyo kwa urahisi kwa sababu si mimi nitakayewaeleza wazazi wa wale watano.

Fundi baiskeli, Kibaigwa