MRI imesema ini langu lina mafuta 18%, niogope?

Safari hii barua za ini zimezidi za presha na kisukari, tena nyingi zinauliza kuhusu PDFF, ile asilimia ya mafuta inayoandikwa kwenye majibu ya MRI. Nimechukua chache. Ya kwanza nimeijibu kirefu maana ndo mzizi wa zote.

Shikamoo daktari. Nina miaka 47. Altrasaundi ilionyesha ini "linang'aa" nikapelekwa MRI, majibu yameandikwa PDFF 18%. Nikapiga hesabu mwenyewe nikaona karibu moja ya tano ya ini imeshageuka mafuta, tangu siku hiyo silali vizuri. Alafu kaka yangu yeye miaka kadhaa nyuma alichomwa sindano ya kukata kinyama cha ini akaambiwa ana mafuta 50% na mpaka leo anadunda tu. Mimi wa 18 naogopa bure au yeye wa 50 ndo anajidanganya?

Marahaba, na pole kwa usingizi. Ngoja nikwambie kitu ambacho kingepaswa kuandikwa kwenye hiyo karatasi kwa herufi kubwa: 18 yako na 50 ya kaka yako inawezekana kabisa ni hali ileile. Asilimia hizo mbili hazihesabu kitu kimoja.

Kinyama cha kaka yako kiliwekwa chini ya hadubini, mtaalamu akaangalia ni seli ngapi zina matone ya mafuta ndani. Seli ikiwa na tone inahesabiwa, tone liwe kubwa au la wastani, hajali sana. Kwahiyo 50% maana yake nusu ya seli zilionekana na mafuta, na kwa madaraja yao hilo ni daraja la pili, linaloanzia kama 34 mpaka 66. Kinyama chenyewe ni kidogo mno, kama sehemu moja kati ya 50,000 za ini zima, sasa hapo unaona mwenyewe, sindano ikitua pembeni kidogo jibu linaweza kubadilika.

MRI haijui habari za seli, yenyewe inasikiliza protoni za hidrojeni, zilizo kwenye maji na zilizo kwenye mafuta, alafu inauliza: kati ya protoni 100 nilizozisikia hapa, ngapi ni za mafuta? Kwako 18. Ndo maana namba za MRI huwa ndogo, ni nadra ini la mtu kupita 50 kwenye kipimo hiki hata likiwa limejaa vibaya. Watafiti waliolinganisha vipimo hivi viwili walipata mipaka iliyo karibu na 6 kwa daraja la kwanza, 17 kwa la pili na 22 kwa la tatu, inapanda na kushuka kidogo kutegemea utafiti. 18 yako inaangukia hapohapo kwenye daraja la pili la kaka yako.

Sasa mashine inazitofautishaje? Hapa mi napapenda, nivumilie kidogo. Ndani ya sumaku protoni zinazunguka, ila za mafuta zinachelewa kiduchu nyuma ya za maji. Fikiria bembea mbili zimesukumwa pamoja, moja ina mwendo wa polepole kidogo. Mwanzo zinaenda sambamba, baadae moja iko mbele wakati nyingine iko nyuma, alafu zinakutana tena. Kwenye mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) zinapingana baada ya milisekunde 2.3 hivi na kukutana tena kwenye 4.6. Zikiwa sambamba mlio wao unajumlishwa, zikipingana mmoja unakula wa mwenzie. Tuseme sambamba mashine imesikia 100 na kwenye kupingana imesikia 70: tofauti ni 30, gawa kwa mbili, mafuta ni 15 na maji ni 85. PDFF 15%. Hesabu ya darasani kabisa, na wazo lenyewe lilichapishwa na mtafiti aitwaye Dixon mwaka 1984.

Ila ujanja wa picha mbili peke yake una matobo. Ini lenye madini ya chuma mengi linafanya mlio uzimike haraka, kwahiyo ile picha inayochukuliwa baadae, ya zikiwa sambamba, inafifia kwasababu ya chuma na mafuta yanaonekana machache kuliko yalivyo. Ndo maana siku hizi wanachukua picha kwa nyakati nyingi, mara nyingi sita, ndani ya pumzi moja uliyoishika, kisha programu inakadiria chuma na kusahihisha. Kuna na kituko kingine: ile 100 na 70 ingepatikana pia kama mafuta yangekuwa 85 na maji 15, na mara mojamoja programu inachanganya hivyo vitu, ini linatoka na namba ya ajabu kama 90. Ukiona hivyo usianze kuandika wosia, rudi kwa mtaalamu wa picha akague upya.

Turudi kwako. 18 haimaanishi 18% ya ini imekufa, seli zenye mafuta bado ni seli hai na mafuta yanaweza kutoka. Kupunguza 5% ya uzito tayari kunapunguza mafuta ya ini kwa wengi, kufika 7 mpaka 10 kunasaidia hata ule uvimbe wa ndani. Ila kuna swali ambalo hukuniuliza na mi naliona kubwa kuliko ya 18: makovu je? Kinachomuharibia mtu ini mpaka likasinyaa ni makovu, na PDFF haisemi lolote kuhusu makovu, hata neno moja. Mwenye 25 anaweza kuwa hana kovu na mwenye 8 akawa nayo tele. Muombe daktari wako akupigie hesabu ya FIB-4, inatumia umri wako, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani za damu, vitu ambavyo pengine tayari viko kwenye faili. Ikitoka juu ndo mnaenda kwenye kipimo cha ugumu wa ini, iwe kwa FibroScan (kifaa kinachopima ugumu huo kutoka nje, juu ya ngozi) au kwa MRI yenyewe. Na kaka yako nae aulize hivyohivyo, kudunda sio kipimo, makovu ya ini hayaumi kwa miaka.

Altrasaundi ilisema ini langu safi, MRI ikasema mafuta 9%. Nani muongo?

Hakuna. Altrasaundi ni nzuri mafuta yakiwa mengi, ila seli zenye mafuta zikiwa chini ya 20 au 30 katika 100 mara nyingi zinaipita hivihivi. MRI inaona mapema, kwake kuanzia kama 5% tunaanza kusema ini lina mafuta. Vimeng'enya vya damu kuwa sawa navyo visikupe jeuri.

Nilikuwa na 14, baada ya miezi sita ya kukimbia kila asubuhi nimepata 13. Mke wangu anasema nimepona kidogo, mimi nimekata tamaa.

Wote mmekosea, samahani shemeji. Tofauti ya pointi moja inaweza kuwa ni mashine tu, au mara hii waliweka kiduara cha kupimia mahali pengine, maana mafuta hayakai sawasawa kila kona ya ini. Muulize aliyekupima kama walichukua wastani wa sehemu nyingi za ini au kiduara kimoja tu, na waliikwepa mishipa mikubwa? Kwenye majaribio ya dawa wanachotafuta ni kushuka kwa angalau 30% ya ulichoanza nacho, kwako 14 ishuke mpaka chini kidogo ya 10. Hapo ndo imeonekana kuendana na ini kuwa na nafuu hata chini ya hadubini. Kukimbia usiache, moyo unakushukuru hata kama ini bado linanuna, ila angalia na sahani na vinywaji vyenye sukari kabla hujarudi kupimwa.

Mama yangu ana ini lililosinyaa. Miaka minne iliyopita MRI ilisoma 20, sasa inasoma 4, na hajafanya chochote kubadilisha maisha. Tunasherehekea?

Hapana ndugu yangu, na nakwambia taratibu. Ini likishajaa makovu mafuta huwa yanapungua yenyewe, nafasi yake imechukuliwa na kovu. Namba inakuwa nzuri wakati ini lenyewe limechoka zaidi. Kwa mama, 4 hiyo isiwapunguzie kliniki hata moja: altrasaundi ya kutafuta uvimbe wa saratani kila miezi sita iendelee, na kile kipimo cha kuangalia mishipa ya koo la chakula kama aliambiwa afanye.

Hivi hiyo MRI wanachoma dawa ya rangi? Na mimi naogopa kufungiwa.

Kupima mafuta peke yake hakuhitaji dawa ya rangi wala hakuna mionzi. Picha za mafuta zenyewe ni pumzi moja, sekunde 15 mpaka 20 hivi, muda mwingi unaliwa na kukupanga. Kama una betri ya moyo au chuma chochote mwilini sema kabla hujaingia kile chumba, sio ukishalala. Kuhusu kufungiwa, waambie mapema, utapewa kengele ya kubonyeza mkononi, na wengi inawasaidia kufumba macho kabla kitanda hakijaanza kuingia kuliko kufumba ukiwa tayari ndani.