Apumzike lini, na apumzishe nini

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 10 apunguziwe mazoezi ya jimnastiki. Kocha anamtaka siku sita kwa wiki, kifundo cha mkono kimeanza kumuuma, na unaogopa akipumzika wenzake watamwacha. Nimefundisha watoto wa rika hilo kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu siku sita ni nyingi mno. Ila kabla hujaenda kuvutana na kocha kuhusu siku, angalia kwanza ni kiungo gani kinabeba mzigo, na kinaubeba mara ngapi.

Kwenye mchezo huu mikono inafanya kazi ya miguu. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna tabaka la gegedu, yaani mfupa laini, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe. Likigongwa kila siku bila nafasi ya kujirekebisha, linauma, na kwa wanajimnastiki sehemu inayoathirika sana ni ule mfupa wa upande wa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Likiumia kwa muda mrefu, mfupa huo unaweza kubaki mfupi kuliko ulio pembeni yake. Hayo si maumivu ya kumwambia mtoto ajikaze.

Mtazame viganja anaposimama kwa mikono mazoezini. Anayeumia hugeuza vidole kwa nje, au huegemea vidole ili kiganja kisikandamizwe, au hukunja viwiko, huku anakuambia yuko sawa. Watoto wetu wanajua kuficha, hasa mashindano yakikaribia. Baadaye bonyeza taratibu sehemu hiyo niliyoitaja, mkono mmoja kisha wa pili. Akishtuka, mpeleke kwa daktari, na asiuwekee uzito mkono huo mpaka aonwe.

Hapo simaanishi akae nyumbani. Mkono ukipumzika bado ana kazi tele: msamba, mizunguko na miruko isiyohitaji mikono kwenye boriti, ule mti mwembamba wanaosimamia, mazoezi ya tumbo, kutua vizuri baada ya kuruka. Mimi hupanga wiki nzima kwa kufuata viungo. Leo tukifanya kazi nzito ya mikono, kesho ni ya miguu. Tukiwa na siku ya kutua sana, inayofuata ni ya kujinyoosha na kurekebisha mikao. Marudio ya samasoti mengi tunayafanya kwenye sponji nene, na yale ya sakafuni tunayahesabu. Muulize kocha wako hesabu hiyo. Kama hana, basi hata siku tatu zinaweza kumuumiza mtoto.

Kuhusu muda, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto apate angalau siku moja au mbili kwa wiki bila mchezo wake, na miezi miwili hadi mitatu kwa mwaka, ambayo inaweza kugawanywa. Kipimo kingine kinachotumika ni kwamba saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake. Najua klabu nyingi zinapita hapo, lakini mtoto wa miaka 10 akifika saa 20, mimi siwezi kunyamaza. Usingizi nao uhesabiwe: umri huo unahitaji saa 9 hadi 12 kila usiku, na mazoezi ya kumaliza saa tatu usiku yanaukata.

Hofu ya kuachwa naielewa. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alijitoa kwenye fainali ya timu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 baada ya kupoteza mwelekeo hewani, na baada ya michezo hiyo akakaa nje ya mashindano hadi 2023, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia. Yeye ni mtu mzima, hilo ni kweli, ila wiki mbili za kupumzisha mkono hazimfutii mtoto alichojifunza.

Jiandae pia kwa mwaka mmoja au miwili ijayo. Atakaporefuka ghafla, samasoti alizozimudu zitaanza kumshinda na msamba utakaza. Makocha wengi hapo huongeza marudio. Mwombe wako apunguze. Na siku atakayosema mgongo wa chini unauma anapojipinda kwa nyuma, miruko na kujipinda visimame siku hiyohiyo, umpeleke akachunguzwe kama mfupa wa uti umeanza kupata ufa.