Vidonge vya kuzuia kipara: nimetumia mara mbili, na kila mara vilinipa jibu tofauti

Wakuu, salaam. Mdogo wetu ameuliza: ana miaka 27, nywele za mbele zinarudi nyuma, rafiki yake amemtajia finasteridi (kwenye boksi utaona Finasteride), anaoa Desemba, na amesikia kwamba dawa hii inamaliza nguvu za kiume. Kuna waliomjibu ameze bila woga, na kuna waliomwambia ni sumu. Mimi nimeimeza kwa vipindi viwili, ngoja nieleze kwa kirefu.

Nilikuwa na miaka 29 kinyozi wangu wa Tandika aliponishikia kioo kwa nyuma. "Kaka, huku utosini panaanza kuonekana ngozi." Baba yangu ana kipara tangu nipo darasa la pili, hivyo nilijua kinakuja, ila kujua hakukunipunguzia kitu. Nikawa navaa kofia hadi kwenye vikao vya harusi usiku. Dogo, watakuja watu wakuambie unyoe zote uendelee na maisha. Wengi imewafaa na ni ushauri mzuri. Lakini asikuone mjinga mtu kwa sababu jambo hili linakuuma. Linauma kweli.

Mwaka 2019 nikaingia duka la dawa moja Kariakoo. Walichokuwa nacho ni vidonge vya miligramu 5, vile vya wazee wenye tezi dume iliyovimba. Muuzaji akasema kimoja kila siku. Hakuniuliza umri, hakuniuliza kama nina mke, wala mimi sikuuliza kitu. Nilikuwa na haraka ya kutoka kabla hajaingia mtu ninayemfahamu.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba Marekani waliiruhusu dawa hii mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume, miligramu 5, halafu mwaka 1997 wakairuhusu kwa nywele, miligramu 1. Mwili hugeuza sehemu ya testosteroni, yaani homoni ya kiume, kuwa homoni kali zaidi inayoitwa DHT. Kwa mwenye asili ya kipara, DHT hiyo huzidhoofisha nywele za mbele na za utosini. Kila unywele unaoota upya unakuwa mwembamba kuliko uliotangulia, hadi panabaki vinyweleo laini tu. Finasteridi inazuia kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ya kugeuza. Jambo hili lilianza kueleweka kupitia familia fulani za Jamhuri ya Dominika, ambazo baadhi ya watoto wao wa kiume huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Wakikua, tezi dume zao hubaki ndogo na vichwa vyao havipati kipara. Ripoti yao ilitoka mwaka 1974.

Sasa kumeza miligramu 5 badala ya 1 hakukupi nywele mara tano. Hata kwa miligramu 1, DHT kwenye damu hushuka kwa karibu theluthi mbili. Ukizidisha, inashuka kidogo tu zaidi ya hapo. Kwa hiyo mimi nilikuwa najibebesha dozi ya mzee bila faida ya maana.

Mwezi wa tatu tangu nianze kumeza, nywele zikaacha kujaa kwenye taulo. Mwezi wa nne hamu ya tendo la ndoa ikapungua, na siku nyingine mwili ulikuwa haushirikiani kabisa. Mke wangu hakujua kwamba nameza kitu, vidonge nilivificha kwenye begi la kazini. Alichoona yeye ni mume anayegeukia ukutani. Akaamini nina mwanamke mwingine. Tuliishi hivyo miezi mitatu, na ndiyo miezi ninayoijutia kuliko nywele zote. Siku nilipomwonyesha boksi alilia, kisha akauliza, "Yaani ulikuwa unaniogopa mimi?"

Nikaacha. Baada ya kama wiki sita nilikuwa nimerudi sawa. Nywele nilizokuwa nimeziokoa nazo zilikwenda taratibu ndani ya mwaka, kwa sababu dawa hii hulinda kwa muda ule tu unaoimeza.

Mwaka 2021 nikaanza tena, safari hii kupitia daktari wa ngozi, miligramu 1, na mke wangu anajua. Nilimeza zaidi ya miaka miwili na hamu haikuguswa. Badiliko pekee nililoona ni shahawa kupungua. Je, mara ya kwanza ilikuwa dozi, au hofu na siri? Kuna utafiti wa Italia wa mwaka 2007 kwa wagonjwa wa tezi dume waliopewa miligramu 5. Walioambiwa mapema kwamba dawa inaweza kuharibu tendo la ndoa, asilimia 43.6 walilalamikia madhara hayo. Wasioambiwa, asilimia 15.3. Hofu ina nguvu zake mwilini. Lakini sitaki mtu achukue takwimu hiyo awaambie wanaoumia kwamba wanajitungia.

Katika majaribio ya miligramu 1, baada ya miaka miwili asilimia 83 ya waliomeza dawa hawakupungukiwa nywele utosini, dhidi ya asilimia 28 ya waliomeza kidonge kisicho na dawa. Angalia vizuri, hapo tunazungumzia kutopungukiwa. Paji lililokwisha kurudi nyuma usilitegemee sana. Upande wa madhara ya tendo la ndoa, ndani ya mwaka wa kwanza yalitajwa na asilimia 3.8 ya waliomeza dawa na asilimia 2.1 ya wale wengine. Tofauti ni ndogo, na wengi hurudi sawa wakiacha. Ila mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iandikwe kwamba wapo walioendelea kuwa na tatizo hata baada ya kuacha, na mwaka 2025 mamlaka ya Ulaya ilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara ya vidonge hivi. Kwa hiyo kama umewahi kupitia sonona, mwambie daktari kabla hajaandika chochote. Ukianza kuona giza moyoni ukiwa unameza, acha siku hiyohiyo na umwone.

Kwako unayeoa Desemba, ushauri wangu ni usianze sasa. Miezi ya kwanza ya ndoa ina wasiwasi wake. Ukichanganya na kidonge hutajua kipi kimesababisha nini. Na kama mnataka mtoto mapema, wapo wanaume ambao ubora wa mbegu umeshuka wakiwa wanaitumia. Mara nyingi hupanda tena wakiacha, lakini kwa nini uanze ndoa na mashaka hayo? Kwa sasa unaweza kuanza na minoksidili (Minoxidil), dawa ya nywele ya kupaka kichwani. Haigusi homoni. Wiki za mwanzo nywele hunyonyoka zaidi, usishtuke, na usiihukumu kabla ya miezi minne hadi sita. Mimi ilinipa muwasho na mba hadi nilipobadili ya maji nikatumia ya povu. Nayo ni hivyohivyo, ukiacha unarudi ulipokuwa.

Baadaye ukiamua kumeza, anza mkeo akiwa anajua. Na andika kwanza hali yako ya sasa kwenye daftari: hamu, usingizi, moyo, picha ya utosi. Mimi sikuwa na kumbukumbu hiyo, ndiyo maana hadi leo sina jibu kamili la mwaka 2019.

Wale mnaokata vidonge vya miligramu 5 vipande vinne kwa wembe, mjamzito asiguse kidonge kilichokatwa wala unga wake, kwa sababu dawa inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Kaka zangu wa miaka 40 na kuendelea, mkienda kupima PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) mtajieni daktari dawa hii, maana inashusha kipimo hicho kwa karibu nusu na tatizo la tezi dume linaweza kupita bila kuonekana.

Mimi niliacha mwaka jana tulipoanza kutafuta mtoto wa tatu. Mimba imeingia. Utosi umeanza kuonekana tena, na bado sijaamua kama nitarudi.