Kwa mnaoanza kutafsiri hojaji za afya ya akili mkoani Kigoma

Wengi wenu mtaanza na PHQ-9, hojaji iliyochapishwa Marekani mwaka 2001, yenye maswali tisa kuhusu dalili za sonona (depression) katika wiki mbili zilizopita, kila swali likipewa alama 0 hadi 3. Mtafundishwa utaratibu wa kawaida: wawili hutafsiri kila mmoja peke yake, tafsiri zao huoanishwa, kisha mwingine ambaye hajaiona hojaji ya asili huirudisha katika Kiingereza. Ufuateni. Hata hivyo, tafsiri iliyopita hatua hizo zote bado inaweza kupima jambo jingine kabisa, na hilo hujulikana pale tu mnapoketi na wahojiwa mkawauliza jibu lao wamelipataje.

Chukueni swali la usingizi. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi hukesha ziwani na taa zake siku za giza, na hupumzika mbalamwezi inapowaka. Kwa hiyo wiki mbili mnazomuuliza zinaweza kuangukia kazini au mapumzikoni, alama yake ikapanda au kushuka ilhali hali yake ya moyo ni ileile. Mwulizeni kama usingizi humjia anapopata nafasi ya kulala. Uangalifu huohuo unahitajika katika swali la hamu ya kula mnapokuwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa sababu aliyepungukiwa na mgao wa chakula huenda hamu anayo tele, na kuihesabu njaa yake kuwa ugonjwa ni kumdhulumu. Swali la umakini hutaja gazeti na televisheni. Kusikiliza redio au mahubiri kutaeleweka na wengi zaidi, mradi kila badiliko liandikwe pamoja na sababu yake.

Jumla ya alama 10, inayotumika sana kama kiwango cha kumshuku mtu kuwa na sonona, ilitokana na wagonjwa wa kliniki za Marekani. Kabla ya kuitegemea, ilinganisheni na uchunguzi wa mtaalamu anayezungumza na watu hao kwa lugha yao, iwe Kiha au Kirundi.

Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Wapo watakaowashauri mlilainishe. Mimi nasisitiza libaki wazi, na liulizwe faraghani, pasipo mume, mkwe wala mjumbe kusikia. Lakini msimuulize mtu yeyote, hata katika majaribio ya tafsiri, kabla ya kukubaliana ni mhudumu gani atakayempokea siku hiyohiyo akikiri kuwa nayo, na nauli ya kumfikisha huko itatoka wapi.