Maswali ya Wasomaji: Mpira Ulioingia Darini Haukurudi

SWALI: Majirani zangu mashabiki wa Twins, timu ya besiboli ya Minnesota, hawaishi kuusimulia uwanja wao wa zamani wa ndani, Metrodome. Eti upepo uliwasukuma watu mlangoni, na mpira mmoja ulipigwa juu ukapotea kabisa. Ni kweli, au wananitania? – Msomaji, Minneapolis

JIBU: Hawakutanii. Paa la Metrodome, uliofunguliwa 1982, lilikuwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Teflon, na halikushikiliwa na nguzo bali na hewa iliyopulizwa na mafeni. Kwa hiyo shinikizo la ndani lilizidi kidogo la nje. Watu waliingia kwa milango ya kuzunguka ili hewa isitoroke. Ukifunguliwa mlango wa kawaida, hewa ilitoka kwa kasi na kukusukuma nje.

Mpira nao ulipigwa na Dave Kingman wa Oakland, tarehe 4 Mei 1984. Kitambaa kilikuwa na tabaka mbili, na la chini lilikuwa na matundu ya kupitishia maji. Mpira ukaingia tunduni, ukabaki humo. Waamuzi wakamruhusu asonge hadi kituo cha pili kati ya vinne ambavyo mchezaji huzunguka ili apate pointi.

Kero kubwa zaidi ilikuwa rangi. Paa lilikaribia weupe wa mpira, hivyo mdakaji mgeni akiinua macho alikuwa hauoni tena. Wenyeji walishazoea. Tazama fainali za ubingwa za 1987 na 1991: kila mara Twins walishinda michezo yote minne ya nyumbani, wakapoteza yote mitatu ya ugenini. Makelele yaliyogonga paa na kurudi yalichangia pia, ingawa mashabiki wa Minnesota hupenda kusema ni wao tu waliofanya kazi hiyo.

SWALI: Kwa nini viwanja vya ndani viliwekwa nyasi bandia? – Msomaji, Houston

JIBU: Sababu iko mjini kwako. Uwanja wa ndani wa Houston, Astrodome, ulipofunguliwa 1965 ilikuwa na nyasi halisi chini ya paa la vioo vya plastiki. Mng'ao wa jua uliwapofusha wadakaji wa mbali, vioo vikapakwa rangi, nyasi zikakosa mwanga zikafa. Mwaka uliofuata wakatandika za bandia. Mpira hudunda na kuteleza kwa kasi zaidi juu yake, ndiyo maana walinzi wa ndani, wanaolinda karibu na vituo, husimama nyuma kidogo. Magoti ya wachezaji ndiyo yaliyolipa gharama.

SWALI: Nakwenda Wrigley Field, uwanja wa timu ya Cubs huko Chicago, mara ya kwanza. Nikae wapi? – Msomaji, Indianapolis

JIBU: Kabla ya kiti, angalia bendera zilizo juu ya ubao wa matokeo. Zikipepea kuelekea nje, mipira itaruka ukuta: tarehe 17 Mei 1979 upepo ulivuma hivyo, Phillies wa Philadelphia wakawashinda Cubs 23–22. Zikielekea ndani, upepo unatoka Ziwa Michigan, na mpira uliopigwa vizuri utaishia glavuni.

Kwa mchezo wa mchana, kata tiketi upande wa kituo cha tatu. Mpigaji hutazama kaskazini-mashariki, kwa hiyo jua la alasiri huzama nyuma ya upande huo na kivuli huanzia hapo. Safu za nyuma chini ya ghorofa zina kivuli muda wote, lakini zina nguzo za chuma. Angalia ramani ya viti usije ukakaa nyuma ya nguzo. Aprili chukua koti zito, hata kama mjini kuna joto.